Nilivyoziamsha mbegu zilizokataa kuota

Mbegu ya mkwaju niliyoifukua siku ya arobaini ilikuwa inang'aa vilevile kama siku niliyoifukia. Nilikuwa nimemwagilia asubuhi na jioni bila kukosa. Udongo wa juu umelowa, wa chini umelowa, na yenyewe katikati haijaonja hata tone. Nikaipasua kwa nyundo: ndani nyeupe, nzima, haina harufu ya kuoza. Haikuwa imekufa. Ilikuwa imejifungia.

Huo ulikuwa mwaka wangu wa kwanza wa kitalu, nje kidogo ya mji wa Arua, Uganda. Nilitaka miche ya aina tatu: mkwaju wa matunda na kivuli, mjohoro wa kuni na nguzo, lusina wa kulisha mbuzi. Huku kwetu West Nile miti imekatwa sana kwa mkaa na kwa kukaushia tumbaku, na mzigo wa kuni ambao mama yangu aliuokota nyuma ya nyumba, leo dada zangu wanautembelea nusu siku. Kwa hiyo kitalu kile nilikichukulia kwa uzito. Katika viriba 300, yaani vifuko vya udongo vya kuoteshea, nilipata miche 37. Nikamlaumu aliyeniuzia mbegu, tena mbele ya watu. Nilimkosea, na baadaye nilirudi kumwomba radhi.

Aliyenifungua macho ni bibi yangu, habuba kama tunavyosema sisi Wanubi. Aliishika ile mbegu, akaigeuzageuza, akaniuliza, "Mjukuu wangu, mgunga unaota wapi bila kupandwa na mtu?" Jibu nilikuwa nalo tangu utotoni: zizini. Mbuzi hula yale maganda ya mgunga, mbegu nyingine husagika, nyingine hupita tumboni zikiwa zimekwaruzwa na kulegezwa, kisha huchipua kwenye samadi. "Basi fanya kazi ya mbuzi," akasema.

Mkwaju, mjohoro, lusina na mgunga wote ni jamii moja na maharage, na wengi katika jamii hiyo wana mbegu za ganda gumu. Tabaka la nje lina seli zilizosimama wima, zimebanana kama fito za ukuta, na juu yake kuna utando unaofanana na nta. Maji hayapiti. Mti unafaidika na jambo hilo: mbegu zote zingeota kwa manyunyu ya kwanza, jua la wiki inayofuata lingezimaliza zote. Mkulima ndiye anayepata taabu, kwa sababu yeye anataka zitoke pamoja.

Kwa mkwaju nilitumia mkono, maana mbegu ni kubwa na inashikika. Naibana kwa koleo, kisha nasugua ubavu wake kwa tupa, au nabana ncha kidogo kwa kikata kucha. Kila mbegu ina jicho, pale iliposhikana na ganda la tunda, na mzizi mchanga umelala karibu na hapo. Upande huo siugusi kabisa. Nakata upande wa pili. Rangi ya kahawia ikiisha na weupe ukaanza kuonekana, naacha hapohapo. Ukizidisha unajeruhi chakula cha mche, na kuvu wanapata mlango. Kila jioni nilikuwa nafanya 100 hivi, kisha nazilaza kwenye maji ya kawaida hadi asubuhi. Mara ya kwanza kuzikuta zimevimba, laini chini ya kidole, nilimwita mke wangu aje aone. Kabla ya wiki mbili kwisha, viriba vingi vilikuwa vimeinua udongo.

Lusina haiwezekani kwa tupa. Kilo moja ina mbegu zaidi ya 10,000. Hapo kazi ni ya maji moto, na hapo ndipo nilipoua mbegu nyingi: nilizitia kwenye sufuria nikaziacha zitokote jikoni. Nilikuwa napika, siamshi. Lusina inataka maji ya nyuzi 80 hivi, na mimi sina kipimajoto. Arua iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yetu huchemka kwenye nyuzi 96 tu. Nikachanganya vikombe vitatu vya maji yanayotokota na kimoja cha maji ya mtungini, nikapata karibu na kile kiwango. Mbegu ziko kwenye beseni, namimina maji mengi kuzipita, nakoroga, nahesabu dakika nne, nayamwaga, natia ya baridi, zinalala humo usiku. Mjohoro nilioutoa mtini karibuni uliota hata bila hayo. Uliokaa ghalani ndio ulihitaji kuogeshwa.

Jirani mmoja alinishauri asidi, akitaka tuinunue kwa mafundi wa betri. Nilikataa. Asidi inayotumika kwenye kazi hii ni ile kali isiyochanganywa na maji, inayochoma ngozi na macho papo hapo, na ya betri tayari imezimuliwa. Nyumbani kwangu kuna watoto. Tupa na sufuria zinanitosha.

Hasara yangu nyingine ilikuwa ya haraka. Niliamsha kilo mbili kwa siku moja wakati viriba vya kutosha sikuwa navyo, nikadhani nitazianika nizirudishe kwenye debe. Mbegu iliyokwisha kufunguliwa haifungiki tena. Nyingine ziliota ndani ya gunia, nyingine zilioza. Tangu hapo najaza viriba kwanza, nikimaliza ndipo nawasha jiko.

Asubuhi nachambua kwa mkono. Zilizovimba zinapandwa siku hiyohiyo, kina kisichozidi unene wa mbegu mara mbili. Zinazoelea zikiwa na vitundu vya wadudu natupa. Zilizobaki ndogo na ngumu zinarudi kwenye tupa au kwenye beseni. Leo zimenibakia 14 za mkwaju, zimekataa mara mbili. Habuba amezichukua, anasema atajaribu mwenyewe kwa jiwe la kusagia.