Kisanduku cha Sigaa kwa Hewa ya Pwani

Maelekezo mengi ya kujitengenezea kisanduku cha kutunzia sigaa, au humidori kama wapenzi wake wanavyokiita, yameandikwa na watu wa nchi za baridi, ambako mitambo ya kupasha nyumba joto hukausha hewa hadi ganda la sigaa likapasuka. Ndiyo maana sehemu kubwa ya maelekezo hayo inahusu namna ya kuongeza maji ndani ya sanduku. Mimi ninaishi Dar es Salaam, ambako kwa sehemu kubwa ya mwaka hewa ina unyevu kuliko sigaa inavyohitaji, na mtu akiyafuata maelekezo hayo kama yalivyo atafungua sanduku lake na kukuta ukungu. Kwa hiyo kazi niliyompa fundi seremala ilikuwa kutengeneza sanduku la kuzuia hewa ya nje isiingie.

Sigaa zilizosokotwa kwa mkono hutunzwa vizuri kwenye unyevu wa asilimia 65 hadi 70 na joto la nyuzi 18 hadi 21 za Selsiasi. Unyevu ukizidi, tumbaku huvimba na sigaa huvutika kwa shida. Ukipungua mno, mafuta yake hupotea na moshi huwa mkali.

Mbao inayosifiwa kwa upande wa ndani ni ya Cedrela odorata, ambao wauzaji huuita mwerezi, mti wenye asili ya Amerika ya Kati, Amerika ya Kusini na visiwa vya Karibi, ambao ni wa ukoo mmoja na mkangazi na mwarobaini. Mbao yake ni nyepesi, hunyonya na kutoa unyevu bila kupinda sana, na harufu yake inapatana na tumbaku. Wapo wanaoiagiza kutoka nje kwa gharama kubwa, ilhali mti wenyewe ulikwishapandwa nchini, na katika msitu wa hifadhi wa Kimboza mkoani Morogoro umeenea hadi ukawa kero kwa miti ya asili. Cha kuepuka ni mti wa penseli wa milimani, Juniperus procera, ambao wauzaji wengine huutaja kwa jina lile lile la mwerezi. Nusa ubao kabla ya kulipa: ukinukia kama penseli iliyochongwa sasa hivi, uache, kwa kuwa mafuta yake yataingia kwenye kila sigaa utakayoiweka humo.

Sanduku langu ni la mkangazi kwa nje, na ndani limepangwa vibao vyembamba vya Cedrela vilivyobanwa bila gundi, navyo havikupakwa vanishi hata kidogo; vanishi iko nje tu. Mfuniko ndio uliotuchukua muda mrefu. Vibao vya ndani vimepanda juu kidogo ya ukingo wa sanduku ili mfuniko uvivike, na tulipima ukazaji wake kwa kuweka tochi inayowaka ndani, kufunga, na kuzima taa za chumba. Palipopenya mwanga palirudishwa kwenye msasa na randa.

Kipimaunyevu kisiaminiwe kabla ya kupimwa chenyewe. Jaza chumvi ya mezani kwenye kizibo cha chupa, idondoshee maji hadi ifanane na mchanga wa pwani uliolowa bila kuyeyuka, kisha ifungie pamoja na kipimo ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa kwa siku nzima. Hewa ya humo itatulia kwenye asilimia 75. Kipimo kikisoma 71, ujue kinapunguza nne.

Zoezi la kulowesha mbao kwa bakuli la maji yaliyotoneshwa, ambalo linamfaa mtu wa Dodoma wakati wa kiangazi, huku kwetu nililiacha. Badala ya sifongo yenye maji, ambayo wengi huiweka sandukuni ili kuongeza unyevu, nimeweka vifuko vyenye myeyusho wa chumvi, ambavyo hutoa unyevu hewa ikikauka na kuunyonya ikizidi, nami nilichagua vya asilimia 65 kwa sababu ya joto letu.

Joto, kwa kweli, ndilo ambalo sanduku haliwezi kulimaliza. Hewa ikipita nyuzi 24 hivi, mayai ya mdudu wa tumbaku, Lasioderma serricorne, huweza kuanguliwa, na funza wake hutoboa sigaa kutoka ndani, moja baada ya nyingine. Kiyoyozi husaidia, lakini umeme hukatika. Kwa hiyo sigaa mpya huzifunga vizuri kwenye mfuko usiopitisha hewa na kuzigandisha kwenye friza kwa siku kadhaa, kisha huzihamishia kwenye friji ya kawaida kwa siku moja ili ganda lisipasuke kwa mabadiliko ya ghafla, ndipo zinaingia sandukuni. Sanduku lenyewe linakaa chini kabisa ya kabati, mbali na dirisha na mbali na ukuta unaopigwa na jua la alasiri.