Alama za Penseli Kwenye Nguzo

Juzi fundi alikuwa akikandika upya ukuta wa jiko la mama, na harufu ya udongo mbichi uliokanyagwa pamoja na mabua ya mpunga ikanirudisha Pingtung, kusini mwa Taiwan, mwaka ule nilipojitolea na wanafunzi wenzangu kukarabati nyumba za zamani zilizojengwa na Wajapani, mwaka niliokwisha kuusimulia hadi mmechoka. Nyumba zile za Kijapani nazo zina kuta za fito za mianzi zilizokandikwa udongo na kupakwa chokaa; nilicheka peke yangu nilipoona tope likichungulia, maana nilitarajia kitu kigeni zaidi.

Zilijengwa kuanzia 1928, Taiwan ilipokuwa koloni la Japani, kwa ajili ya maofisa wa kikosi cha ndege cha jeshi la Japani. Baada ya Japani kushindwa vita mwaka 1945, na zaidi mwaka 1949 serikali ya China ya Chiang Kai-shek ilipowakimbia Wakomunisti na kuhamia kisiwani, wakahamia wanajeshi wa Kichina na familia zao, wakang'oa mikeka ya tatami, wakaongeza majiko uani, wakalea watoto. Vijiji vingi vya namna hiyo, vya familia za wanajeshi, vilibomolewa kufuatia sheria ya 1996 ya kuvijenga upya. Hivi vya Pingtung vilisajiliwa kuwa majengo ya kihistoria mwaka 2007.

Wanafunzi tuliojitolea tulipewa kazi nyepesi. Mimi nilikabidhiwa msasa na nguzo moja ya mberoshi, niisugue kuanzia chini mpaka mbao ya asili ionekane. Nilikuwa nimefika usawa wa kiuno nilipomwona bibi mmoja mlangoni, amevua viatu, ingawa sakafu ilikuwa vumbi na misumari mitupu. Alisogea, akaweka kidole kwenye mstari wa penseli juu kidogo ya pale msasa ulipoishia. "Huyu ni mdogo wangu," akasema, kisha akakipandisha kidole taratibu: "Na huyu ni mimi." Halafu akakishusha, akawa anapapasa mbao niliyokwisha kuisafisha, akimtafuta kitinda mimba wao.

"Nainai, nisamehe," nikasema, kwa kuwa ndivyo tulivyowaita mabibi pale. Akanifuta vumbi mkononi, akaniuliza kama nimekwisha kula.

Msimamizi alieleza, kwa upole kabisa, kwamba ukarabati unairudisha nyumba kwenye umbo lake la kwanza, na alama za penseli hazimo kwenye ramani. Nikahamia madirishani. Jumatatu nilikuta nguzo imesuguliwa hadi juu na kupakwa mafuta, na siwezi kukana kwamba ilikuwa imependeza.