Nilimwambia "njoo ule"

Siku ya nne leo, na bado nikikumbuka nafunika uso kwa mto. Jumatano nimetetea pendekezo la tasnifu hapa Shiraz, Iran, wamenipitisha na marekebisho ya kurasa mbili. Salma kajifungua salama, mtoto wa kiume, alhamdulillahi. Lakini kinachonikosesha usingizi ni maneno mawili niliyomwambia yule mzee wa ghorofa ya tatu, yule mwenye ndege wa kanari.

Alhamisi usiku nilipika pilau. Lifti mbovu tangu wiki iliyopita, na mlango niliuacha wazi moshi wa vitunguu utoke, maana dirisha langu la jikoni mnalijua. Nimekaa chini, supra nimetandika (wao wanaiita sofre, neno ni lile lile), mkono ndiyo kwanza unaingia sahanini, mara namwona mzee anapanda ngazi polepole, mkono mmoja kaegemea ukuta, wa pili kabeba mkate wa sangak. Sasa mtu akupite unakula, usimkaribishe? Wapi na wapi. Ila ile "karibu" yangu ilipofika mdomoni ikajigeuza Kifarsi, ikatoka hivi: "Biya bokhor!"

Njoo ule. Kama unavyomwita mtoto aliyerudi kucheza mpira na magoti yana vumbi.

Akasimama. Akatabasamu, akaweka mkono kifuani. "Nush-e jan, pesaram. Sarf shode." Yaani ile tamu iifikie roho yako, mwanangu, mimi nimeshakula. Nami nikamjibu: "Bashe." Haya. Nikamega tonge la pili.

Mwenzangu wa darasani nilipomsimulia Ijumaa alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akanisomesha. Mtu mzima humwambii bokhor. Unamwambia befarmayid, neno linalotokana na kuamuru, kana kwamba yeye ndiye mwenye amri na wewe unangoja kutumwa. Ndilo hilo hilo la kumpisha mtu mlangoni, la kumpa kiti, la kumsogezea chai. Ukitaka lazima kutaja kula, basi meyl konid. Na chakula chako ukidogoshe: hata kama umechinja kondoo, sema ni yek loghme nan, tonge la mkate tu, tule pamoja. Halafu akikataa hujamaliza, ndiyo kwanza umeanza. Kukataa mara ya kwanza ni adabu, mara ya pili ni adabu, na wewe kazi yako ni kung'ang'ania. Ndiyo taarof yenyewe, ile adabu yao ya kukaribishana na kukataliana. Wale mlionicheka kwa kisa cha dereva wa teksi aliyeniambia nauli ghabel nadare, si kitu mbele yako, nami nikamshukuru nikashuka bila kulipa, mnajua kwamba somo hili nimeshalifeli mara moja.

Nikajitetea: kwetu mtu akishasema "starehe", basi, kakuachia ule. Mwenzangu akakubali. Lakini usiku nikamkumbuka Bibi, nikaona nimedanganya. Lini Bibi alikubali "starehe" ya mtu mzima? Angeinuka pale pale, na magoti yake yale, angemshika mzee wa watu mkono: "Hebu kaa, hata tonge mbili, unanifanyaje?" Kwa hiyo bokhor naweza kuisingizia lugha. Ile "bashe" siwezi, ile ni yangu.

Na ule mkate. Ulikuwa bado wa moto, harufu yake niliisikia nilipokaa. Mtu aliyeshiba anapanda ngazi na mkate wa moto wa nini?

Jana nikapakua sahani ya pilau, nikaifunika, nikapanda. Kila kidato cha ngazi narudia sentensi yangu: befarmayid, ghabel-e shoma ra nadarad, befarmayid. Nimegonga. Mzee kafungua, kaitazama sahani, kanitazama mimi, kauachia mlango wazi wote, kaonyesha ndani kwa mkono: "Biya bokhor!"

Sentensi zote zikaruka kama kanari. Nikakataa mara moja, nikakataa mara ya pili ili asinione sina mafunzo, nikaingia. Alikuwa na kalam polo, wali wa kabichi na vijiduara vya nyama ya kusaga, na ile saladi wanayoiita ya Shirazi ambayo kwangu mimi ni kachumbari iliyotiwa matango. Pilau aliionja, akanyamaza, akachomoa karafuu moja akaiangalia kama mtu aliyeokota msumari. Lakini akaongeza. Akauliza nani kanifundisha kupika, nikasema Bibi, na kwamba Bibi husema sisi asili yetu Shiraz. Hakucheka. Aliuliza, kwa dhati kabisa, Bibi ni wa mtaa gani. Nikamwambia Makunduchi (kule Unguja). Akafikiri muda mrefu, akasema haujui, labda ni mitaa ya upande wa uwanja wa ndege.

Nilishuka nikicheka peke yangu. Sahani hakuirudisha tupu, kaniwekea madanzi manne. Ila nilipolala likaanza jingine: ile "biya bokhor" yake ilikuwa mzaha, ananirudishia yangu? Au hakuikumbuka kabisa, na kasema tu kama mzee yeyote anavyomwambia kijana? Maana kwake yeye kuniambia mimi hivyo si kosa, ndivyo inavyosemwa. Uso wake nimeupitia mara ishirini, sipati jibu. Jicho moja nadhani lilifinya kidogo. Au ni mvuke wa wali.

Na kuna hili la ofisi ya ukaazi. Kibali kinaisha mwezi huu, walinipigia simu wakanitajia siku, nami kwenye daftari nimeandika "3" tu. Sasa hiyo 3 ni yao au yetu? Kama niliiandika kwa Kifarsi ni seshanbe, ambayo ni Jumanne. Kama niliitafsiri kichwani kwanza ni Jumatatu, kesho, saa mbili asubuhi, na picha za pasipoti sijapiga.