Samaki wangu walikuwa wanakufa kila asubuhi

Tangi langu la kwanza lilikuwa la lita 60, pale sebuleni Tabata. Nikalijaza maji ya bomba, na jioni ileile nikatia samaki 8. Siku ya tatu wawili wanaelea. Waliobaki wako juu wanatweta, matamvua mekundu kama yameungua. Mwenye duka akaniambia nimwage maji yote, nioshe chujio kwa sabuni. Nikafanya. Wakafa watatu wengine.

Kumbe nilikuwa naua kwa usafi. Kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu kwa samaki, na bakteria wanaoila hujishikiza kwenye sponji ya chujio. Kila nikiosha, nawamaliza. Klorini, dawa ya kuua vijidudu kwenye maji ya bomba, nayo haikuwabakiza.

Sasa maji nayalaza siku mbili kwenye ndoo wazi ili klorini itoke, nabadilisha robo tu kwa wiki, na sponji naikamua kwenye maji yaliyotoka tangini humohumo. Chakula ni punje chache mara moja kwa siku (mwanangu alikuwa anamwaga kiganja kizima!). Baada ya wiki 6 hivi, kipimo cha amonia kikasoma sifuri, ndipo nikaongeza samaki wadogo 4 aina ya gapi. Juzi nimeona vitoto vimejibanza kwenye majani.