Mwembe mkavu usiutundikie mzigo

Nyuma ya nyumba yetu Tabata kulikuwa na miembe miwili imekaribiana, mmoja ukakauka. Nadhani ni ile mizizi waliyoikata mafundi tulipojenga ukuta. Masika inakaribia na mi silali, maana upande huu kuna bati letu, upande ule bati la jirani, alafu waya wa umeme unaoingia kwake umepita chini ya tawi kubwa kuliko yote.

Vijana wa kwanza walikuja na panga, chenso na kamba moja, bei yao laki mbili. Mpango ni mmoja apande, afunge kamba kwenye panda la mti huohuo, akate, wenzake wavute. Mi nilishakubali, mama ndo akasema subirini kwanza.

Tukaelekezwa kwa mzee mmoja wa Ubungo anayefanya kazi hiyo miaka mingi. Yeye hakukimbilia kupanda, alizunguka shina anagonga kwa kisogo cha shoka, ko ko ko, alafu kufika upande wa ukuta ikalia bu, mlio umekufa kabisa. Akanionesha uyoga mgumu kama kisosi umeota pale mizizi inapoanzia. "Mama, huu simpandishi kijana wangu," akamwambia mama, "tutaushusha kwa kumtegemea mwenzake."

Hapo ndo nikaelewa kitu ambacho natamani kila mwenye mti mkavu uwanjani akijue. Ukitundika kapi juu, yaani kile kigurudumu cha kupitishia kamba, kamba ikarudi chini kwa mshikaji, tawi la kilo 100 halilielemei kapi kilo 100, ni karibu 200, kwa sababu upande mmoja linavuta tawi na upande wa pili kuna mkono unaolizuia. Na hapo limetulia. Likidondoka hata mita moja kabla kamba haijakaza, mshtuko wake unazidi hapo mara kadhaa. Mti mbichi unapinda, mkavu unakatika tu bila kukwambia.

Kwa hiyo kapi likaenda kwenye ule mwembe wa pili, mzima usiokauka, kijana naye akafunga mkanda wake kwa kamba nyingine kabisa, nayo huko huko. Jirani alishaomba TANESCO wamkatie umeme. Mkia wa kamba ya mzigo ukazungushwa mara tatu kwenye shina la mwembe mzima karibu na ardhi, na mtu mmoja tu akaushika, maana ule msuguano ndo unabeba kazi, sio misuli.

Tawi la pili lilinitoa jasho. Lilipokatika mshikaji akaogopa, akaikaza kamba ghafla, mwembe mzima wote ukatikisika hadi majani yakamwagika. "Achia! Achia itembee!" mzee akapiga kelele. Jamaa akalegeza, kamba ikawa inateleza kwenye gome inalia, nikasikia harufu ya nailoni iliyopata moto, na tawi likapunguza mwendo taratibu mpaka likalala chini, hatua mbili kutoka kwenye bati la jirani. Yaani kushika sana ndo hatari, inabidi uiache itembee kidogo kidogo.

Shina walilikata vipande vifupi, nilipouliza mbona wanajichosha mzee akasema gogo la upana wa nusu mita na urefu wa mita moja, hata likiwa kavu hivi, ni kilo 100 na ushee, kijana hilo utalidaka?

Ikachukua siku mbili na hela zaidi ya mara mbili ya wale wa kwanza. Jana jioni kile kipande cha panda kikashuka, palepale walipotaka kufunga kamba wale vijana. Nikaingiza mkono ndani, ukazama hadi kwenye kiwiko, kumejaa udongo wa mchwa, mbao iliyobaki haizidi vidole viwili.