Betri zilikuwa nzima, shida ilikuwa athi

Safari ile tulikuwa tunalala ndani ya motahomu, lile gari lililotengenezwa kama nyumba, mimi na mdogo wangu, na kila giza likiingia shida inakuwa ile ile, ukifungua bomba tu pampu inaanza kukoroma, maji yanatoka kwa kusuasua, taa zote zinafifia, friji nayo inapiga alamu ya volti ndogo halafu inazima. Ukifunga bomba taa zinawaka vizuri tena.

Fundi aliyekuja kucheki aliangalia zile betri za ndani, zinazowasha taa, friji na pampu, akasema zimekufa hizo, tununue mpya zote mbili. Mita ya kupimia volti hakutoa. Hilo liliniuma kwa kweli, betri za ndani ni hela nyingi, na kumwambia mtu anunue mpya bila hata kupima ni kumuonea.

Usiku ule tukaziacha kwenye chaji ya umeme wa nje, asubuhi nikachomoa, nikazima kila kitu na kuziacha zipumzike masaa kadhaa, maana ukipima betri ikitoka tu kwenye chaji mita itakudanganya. Nikapima, volti 12.7. Betri ya asidi ikisoma hivyo imejaa, ikiwa nusu inakuwa kwenye 12.2 hivi. Ila betri iliyochoka nayo inaweza kusoma vizuri ikiwa haina kazi, kwa hiyo lazima uipe mzigo, yaani uwashe kitu kinachovuta umeme.

"Dogo, fungua bomba uliache hivyo hivyo."

"Poa broo, limefunguka."

Kwenye betri ikashuka mpaka 12.5 ikatulia hapo, yaani betri inabeba mzigo bila shida. Nikahamia kwenye pampu yenyewe, nikagusa waya zake mbili, 10.6! Karibu volti 2 zinapotelea njiani, sasa hapo betri inaingiaje?

Kilichobaki ni kujua zinapotelea upande gani. Ncha moja ya mita nikaiweka kwenye chanya ya betri, nyingine kwenye waya chanya wa pampu, bomba likiwa bado wazi, ikasoma 0.1, hapo safi. Nikafanya vile vile upande wa hasi, 1.8. Waya mzima na viungio vyake vikiwa safi hupotezi hata nusu volti, kwa hiyo jibu lilikuwa lote upande wa athi, yaani njia ya hasi inayorudisha umeme kwenye betri kupitia chuma cha gari.

Tukaufuata ule waya mnene mweusi kutoka kwenye betri, unapita chini ya kiti, unatoboa sakafu, unaenda kufungwa na boliti kwenye chesisi. Ukiutazama kwa juu huoni kitu. Ila nilipozungusha ile nati, baada ya kufungua kwanza terminali ya hasi kwenye betri, chini ya kichwa cha waya kulikuwa na unga wa kijani na kutu, na upande mmoja rangi ya chesisi haijakwanguliwa kabisa, umeme wote wa nyumba ulikuwa unapita kwenye kijisehemu kidogo cha chuma. Ndo maana taa moja inawaka fresh lakini mzigo mkubwa ukija kila kitu kinalegea.

Nikapiga msasa mpaka chuma kikang'aa, kichwa cha waya nacho nikakisugua, nikaweka washa mpya yenye meno, kile kipete kinachobanwa na nati, nikakaza kwelikweli, juu nikapaka grisi maji ya barabarani yasiingie. Dogo akafungua bomba, pampu ikanguruma vizuri na taa hazikutikisika. Upande wa hasi sasa 0.1.

Faida nyingine tuliiona tukiwa barabarani. Alternata, ile mashine ya kwenye injini inayochaji betri, ilikuwa inatoa 14.2 siku zote ila kwenye betri za ndani ilikuwa inafika 13.1 tu, kumbe chaji nayo inarudi kwa athi ile ile, ndo maana tulikuwa tunaendesha kutwa nzima na betri hazijai. Baada ya kusafisha ikawa inafika 14.1. Jioni yake tukaoga wote wawili, friji ikiwa inafanya kazi na taa zote zimewashwa.