Siku moja ya mtunza vifurushi, na sio vya intaneti

Nikimwambia mtu hapa Nkuhungu, Dodoma, kwamba natunza vifurushi swali la kwanza ni "vya wiki au vya mwezi?" Basi siku hizi nimeacha kueleza, nasema tu nina steshenari, ambayo ni kweli na ndo inayolipa pango, napiga kopi, naprinti, najazia watu maombi ya kazi mtandaoni. Ila kabla sijafungua na nikishafunga (na mara nyingi katikati, msimwambie mtu) natunza programu tatu ndani ya Debian, ule mfumo endeshi wa bure alioanzisha Ian Murdock mwaka 1993. Sijaziandika mimi. Mwenyewe anaandika huko kwao, mi nachukua kazi yake naifungasha iwe kifurushi ili mtu akiandika amri moja tu iingie kwenye mashine yake na vyote inavyovitegemea, na ikiharibika lawama zinaanzia kwangu. Malipo hamna. Jumanne iliyopita ilikuwa hivi.

Saa kumi na moja alfajiri naamka kuwahi bando la usiku kabla halijakata. Barua pepe ya kwanza kabisa: ile maktaba yangu ndogo ya kusoma faili za sauti, toleo jipya nililopakia juzi, limegoma kubildi, yaani kugeuzwa kutoka msimbo kuwa programu inayoendesheka, kwenye aina ya kompyuta inayoitwa s390x. Kwenye aina nyingine zote kijani, yaani limepita, amd64, arm64, mpaka riscv64. Sasa s390x ni yale makabati ya IBM wanayotumia mabenki makubwa huko duniani, sijawahi kuliona hata moja, na sidhani kama kuna mtu atakuja kusikiliza taarabu kwenye benki. Lakini Debian inalitambua rasmi na toleo la zamani lilibildi huko bila shida, kwa hiyo jipya likigoma halitoki Sid (stoo ya vifurushi vipya kabisa) kwenda testing (stoo ya kuandaa toleo rasmi lijalo), linakaa hapo hapo mpaka mtu alitoe. Mtu mwenyewe ni mimi.

Nikasoma logi, ile kumbukumbu ya bildi, huku napiga mswaki. Jaribio lilitegemea kuona 44100, ambayo ni ile kasi ya sampuli ya muziki wa kawaida wa CD, likaona 1152122880.

Saa moja na nusu nafungua duka. Upepo ulivuma usiku kucha na mnajua vumbi la huku, printa nimeifunika na khanga na bado limeingia. Wateja wa asubuhi wanakuja kwa mkupuo, kopi za vitambulisho, barua za mtendaji, mzee mmoja ananisalimia "Mbukwa!" namjibu kwa Kigogo changu cha kuungaunga anacheka.

Saa nne wakapungua nikarudi kwenye ile namba. Ukiona namba kubwa ya ajabu hivo usiikodolee macho, igeuze heksa, ule uandishi wa namba kwa alama 16, 0 mpaka 9 na A mpaka F. 44100 ni 0000AC44. Ile nyingine ni 44AC0000. Nikacheka peke yangu, maana ni namba ile ile imesomwa kinyumenyume, baiti kwa baiti (baiti moja ni alama mbili za heksa). Faili la sauti la WAV linaandika namba kuanzia baiti ndogo, kompyuta zetu nyingi nazo zinasoma hivo hivo, ila s390x inaanza na baiti kubwa. Ni kama mmoja anataja "elfu moja na tano" na mwingine kazoea kuanza na tano, wote wako sahihi mpaka wafanye biashara pamoja. Mwenye programu kwenye toleo jipya aliondoa ile sehemu ya kugeuza baiti, akanakili kichwa cha faili moja kwa moja kwenye kumbukumbu, kwake ikafanya kazi akasonga mbele. Simlaumu, hata mi ningesonga.

Pachi yenyewe, yaani kiraka cha kurekebisha msimbo, mistari minne, unapitisha namba kwenye le32toh inayopanga baiti kama mashine inavyotaka basi. Kazi ni kuihakikisha bila hiyo mashine, kwa hiyo nikawasha qemu inayoigiza s390x ndani ya leptop yangu ya mtumba nikaanza kubildi. Pole pole ya kinyonga, feni inalia kama mashine ya kusaga. Akaingia mama mmoja anataka kuskani vyeti vya mwanae.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hiyo kompyuta imeungua? Mbona nyeusi tupu maandishi yanakimbia?"

"Iko kazini mama, hiyo haiskani, tutatumia hii nyingine."

Saa sita na dakika kumi umeme ukakata. Duka kimya, leptop ina betri ya dakika 40 na bildi ilikuwa imebakiza kama nusu saa hivi nikapunguza mwanga wa skrini mpaka mwisho nikawa naiangalia kama mgonjwa. Jaribio la mwisho likapita betri ikiwa asilimia 6. Nikaenda kula ugali wa uwele na mlenda, kichwa kimepoa.

Umeme ulirudi saa tisa. Hapa ndo sehemu watu huwa wanairuka na mi siiruki: kabla ya kusaini kidijitali nililinganisha tena tarboli ya mwenye programu (furushi la msimbo analotoa kila toleo) na git yake (anapoweka msimbo na historia yake wazi), faili kwa faili. Zamani nilikuwa mvivu wa hili. Halafu Machi 2024 ikaja ile ya xz, programu ya kubana mafaili, matoleo 5.6.0 na 5.6.1, mtu kajenga uaminifu miaka afu kaficha mlango wa nyuma, na kipande cha kuuwasha kilikuwa kwenye tarboli tu, kwenye git hukioni. Debian stable, ile iliyotulia ya kutumiwa na wote, ilipona lakini Sid na testing zilikuwa zimeshameza. Aliyegundua, Andres Freund, alianzia kwenye kushangaa ssh, ile ya kuingia kwenye kompyuta nyingine kwa mbali, inachelewa nusu sekunde. Nusu sekunde bana! Mi kwa bando langu ningesema ni mtandao tu.

Nikaandika changelog, ile orodha ya mabadiliko, toleo 1.4.2-2, pale mwisho kati ya barua pepe na tarehe lazima nafasi mbili, ukiweka moja inalalamika, nimeshaumbuka nayo. Nikachomeka flashi yenye ufunguo wangu, nikasaini, nikapakia saa kumi na nusu. Hifadhi ya Debian inajisasisha mara nne kwa siku na zamu ya jioni kwa saa zetu ni saa kumi na moja kasoro dakika nane, nikaiwahi. Pachi nikamtumia na mwenye programu ili tusibebe mzigo huu kila toleo, akajibu ndani ya saa moja: asante, naye hajawahi kuiona s390x.

Nikafunga saa mbili. Saa tatu niko kitandani nafungua ukurasa wa mabildi, unazunguka, unazunguka, ikaingia meseji: kifurushi chako kimeisha. Nikavaa ndala nikatoka kumgongea jirani.

"Dogo, niwashie hotspoti dakika moja."

"Kaka, si unatunza vifurushi wewe?"

Akawasha lakini. s390x: kijani. Siku tano za kusubiri kuingia testing zimeanza kuhesabika.